Ndege analia "hu" dirishani kila usiku: ni bundi au siye?

Baba_Mtarajiwa: Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna ndege analia "hu", ananyamaza, kisha "hu" tena. Huanza baada ya Magharibi, na mwenzake humjibu kwa sauti nyengine. Mchana haonekani. Ni ndege gani, na anafukuzwaje?

Bi_Karafuu: Waalaykum salaam mwanangu. Huyo kihodi, wengine humwita bundi mdogo. Marehemu bibi yangu hakukubali aitwe bundi. Bundi kwake ni yule mkubwa mweupe wa kwenye mapaa.

Mchumaji: Sie tunamkuta mikarafuuni mchana, kajificha kwenye majani mazito, hata shibiri hazidi sana. Mwaka mmoja nilimshika nikidhani jani kavu. Akaruka, pakacha likaenda chini na karafuu zote, na tajiri hakunilipa siku ile.

Ustadh_wa_Chake: Kuogopa mlio wa ndege ni tiyara, yaani kuamini mikosi, na Mtume (s.a.w.) kaikataza. Tubu kwanza.

Bi_Karafuu: Hebu tumsikilize. Kihodi anakula wadudu tu. Kakukosea nini hata umfukuze?

Baba_Mtarajiwa: Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Mama mkwe kasema ule mlio ni uchuro. Pesa ya mwenye msumeno nishatuma, mwembe anaolalia unakatwa Jumamosi. Msinilaumu. Hii mimba ya tatu, mbili zilitoka. Nifanye nini mie?

Mpekuzi: Subirini. Mwezi uliopita huyu alisema anakaa Mwanakwerekwe. Kihodi Unguja hayupo! Dunia nzima yuko Pemba peke yake. Hadithi ya kutunga hii.

Kijana_wa_Wete: Labda kihodi kapanda boti 😂

Baba_Mtarajiwa: Wallahi sijatunga. Mie kazi yangu iko Unguja, mke yuko kwao Konde, Pemba. Huo mlio nausikia kwenye simu tukizungumza usiku. Akilia, mke wangu ananyamaza.

Mpekuzi: Konde ni karibu na msitu wa Ngezi. Hapo sawa. Samahani, ndugu yangu.

Bi_Karafuu: Basi boti upande wewe, mwanangu. Mpeleke kliniki, ukae naye. Mie nimezaa saba, na kihodi akilia nje usiku wote. Na mwembe haukatwi bila kibali cha misitu. Mzuie huyo mtu leo.

Baba_Mtarajiwa: Nampigia tangu Alasiri. Hapokei.