Tupeane uzoefu: nani mwengine amerudia kumtazama Pingu ukubwani?

Bint Kibokoni
Assalaam alaykum jamaa. Juzi usiku stima ilipotea, mtoto hataki kulala, nikamfungulia Pingu kwenye simu. Yule pengwini mdogo wa udongo wa kwenye katuni, mnamkumbuka? Sisi tulikuwa na kanda moja tu, ami aliileta kutoka safarini, tukaitazama mpaka ikawa yachora mistari. Nilisema nimwekee mtoto niendelee na yangu. Mtoto alilala kitambo, mimi nikabaki nacheka peke yangu kizani.

Raha yake ni kuwa hana lugha. Alitengenezwa Uswisi na Otmar Gutmann, akaanza kuonyeshwa 1990, na sauti zote za miaka ile ni za Mwitaliano mmoja, Carlo Bonomi. Baba, mama, mtoto, yule sili (mnyama wa baharini) rafikiye, wote ni yeye, abwabwaja maneno yasiyo ya nchi yoyote. Basi kwetu mkalimani alikuwa nyanya. Yuko mkekani achambua mchele, macho kwenye TV, na kila pengwini akifungua mdomo yeye atia maneno: "Mamake amwambia, uji huo huunywi mpaka nishike ufito?" Mpaka darasa la tatu nikiamini Pingu ni mtu wa Lamu, kwa sababu nyanya alikuwa wa Lamu na pengwini wake wote walisema kama yeye.

Haya, na nyinyi?

Kilindini Zamani
Mimi nimemjulia kwa wanangu, kwa hivyo nasema kama baba. Babake Pingu ni mpeleka barua, na nyumbani husaidia kazi. (Mama watoto hunionyesha hapo kila mara, ati nijifunze.)

Lakini kuna kile kisa Pingu avuruga chakula mezani, achapwa, atoroka usiku kwenye theluji. Watoto walimlilia Pingu. Mimi nikiwatazama wazee wake. Wangu wa pili aliwahi kutupotea hivyo hivyo, nami ndiyo nimetoka shifti ya usiku bandarini hata viatu sijavua. Tulizunguka Majengo yote, msikitini kukatangazwa, kumbe kalala nyuma ya magunia ya mkaa kwa jirani, uso mweusi tititi. Kile kisa ni cha dakika 5 tu, lakini kilinifunga mdomo mpaka chai ikapoa.

Mama Watatu
Mwamsifu Pingu na hakuna anayetaja lile dubwana la meno mawili marefu kama pembe za ndovu! Ile ndoto, kitanda chajiendea chenyewe usiku kimembeba, mara akutana nalo lacheka. Utotoni nilikuwa nikikimbilia jikoni. Sasa nina miaka 36, wiki iliyopita nakaanga viazi vya karai, watoto wakaiweka. Nikapeleka mbele. Wao wakanizomea, wanataka irudi. Mtu mzima apenda kuchekeshwa, sawa, lakini ile si ya kuchekesha, wallahi.

Mvuka Feri
Yangu fupi. Feri ya Likoni ikipiga honi, kijana wangu hutoa mdomo mbele kama Pingu na kuijibu "Nuut nuut!" Asubuhi moja watu wazima watatu wakamwitikia, mmoja kavaa suti na tai. Kisha kila mtu akatazama baharini kama si yeye.

Mjukuu wa Barafu
Nyanya yangu Kisauni alikuwa akiuza barafu za ukwaju na ubuyu, friza kubwa iko ukumbini. Mwezi wa pili, joto lile mwalijua, mimi na binamu tumetoka kumtazama Pingu tukaamua nasi tujenge nyumba ya theluji. Theluji iko wapi Mombasa? Kwenye kuta za friza. Tukachukua kisu cha jikoni, tukakwangua, tukajaza karai zima. Tulifika ukuta wa pili wa nyumba, urefu wake kama kikombe, nikarudi kuongeza. Nikasikia "ssssss".

Tuliziba kwa ubani wa kutafuna. Jioni barafu zote za nyanya zilikuwa sharubati. Alituita, hakututia mkono, alituketisha tukazinywa, moja baada ya moja, mpaka binamu akatapika.

Juzi nimemtazama Pingu tena na mke wangu. Kila akionekana mlango wa nyumba ya barafu, nasikia ladha ya ukwaju.

Fundi Baridi wa Tudor
Ile "ssssss" ni gesi yatoka, kaka. Kwenye friza nyingi mabomba yamepita hapo hapo nyuma ya ukuta, na bati lenyewe ni jembamba. Barafu ikizidi haikwanguliwi: zima, acha mlango wazi, tia sufuria ya maji moto ndani, subiri idondoke yenyewe. Ubani haujapata kuziba kitu.

Lakini watoto wenu waonyesheni Pingu, na visu msivifiche. Nina karo ya kulipa Januari.