Wosia wa George Washington: alitenda haki au alijisafishia jina?

MLETA MADA
Wakuu, kila Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiguswa kwa habari ya utumwa, hakosekani wa kusema, "Lakini aliwaacha huru watumwa wake." Haya, tuufungue huo wosia.

Aliuandika Julai 1799, akafa Desemba. Mount Vernon, mashamba yake kule Virginia, ilikuwa na watumwa 317. Wa kwake ni 123. Wengine 153 walikuwa mali ya mirathi ya Daniel Custis, mume wa kwanza wa Martha, na waliobaki karibu wote alikuwa amewakodi kutoka kwa jirani. Wosia uliwahusu wale 123 tu, na aliyeachiwa papo hapo ni mmoja: William Lee, mhudumu aliyekuwa naye wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, aliyepewa na posho ya dola 30 kwa mwaka. Wenzake waliambiwa wasubiri mpaka Martha afe.

Hebu fikirieni. Watu zaidi ya mia moja wanampikia mjane, wanamfulia, wanamwashia moto, na wote wanajua akikata roho tu wako huru. Abigail Adams, mke wa rais aliyemfuata Washington, aliandika mwaka 1800 kwamba Martha hakujiona yuko salama. Tarehe 1 Januari 1801 akawaachia. Huruma hiyo, au woga?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, unamwonea mzee wa watu. Wale 153 hakuwa na mamlaka nao kisheria, hata Martha mwenyewe hakuwa nayo. Na kusubiri kuna sababu iliyomo ndani ya wosia: wa kwake walikuwa wameoana na wa Custis, hakutaka kuzitenganisha familia mke wake akiwa hai. Aliagiza wazee watunzwe, yatima wafundishwe kusoma na ufundi, na asiuzwe mtu. Mlinganishe na Jefferson, rais wa tatu, aliyemiliki watu zaidi ya 600 maishani mwake, akafa na madeni, na mwaka 1827 watu wake wakapigwa mnada Monticello, shambani kwake.

MLETA MADA
Jefferson si kipimo, mkuu. Ukimpima mtu kwa aliye mbaya zaidi, nani atafeli? Na hizo familia zilitenganishwa vilevile: Martha alipofariki 1802, watu wa Custis waligawanywa kwa wajukuu wake wanne.

Sheria ya Virginia ilimruhusu mwenye watumwa kuwaacha huru tangu 1782. Alikaa nayo miaka 17. Alipokuwa rais kule Philadelphia, sheria ya Pennsylvania ilimpa mtumwa aliyeletwa na mgeni nafasi ya kudai uhuru akishakaa miezi sita. Akawa anawazungusha, wanatolewa nje ya jimbo kabla muda haujatimia, na mwaka 1791 alimwandikia katibu wake, Tobias Lear, kwamba jambo hilo lifanywe kwa hila, wao wasijue wala umma usijue. Mtu anayeficha hivyo anajua anachofanya. Mwaka 1793 akasaini sheria ya kuwakamata watumwa watoro.

MCHANGIAJI WA PILI
Mmemsahau Ona Judge, mtumwa wa nyumbani mwa Washington. Mei 1796, mabwana wakiwa mezani, binti huyo alitoka nyumba ya rais akapanda meli hadi Portsmouth, New Hampshire. Alikuwa amesikia atapewa mjukuu wa Martha kama zawadi ya harusi. Akatuma neno: nitarudi mkiniahidi uhuru mtakapokufa. Washington akakataa.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Ona alikuwa wa Custis. Akipotea, Washington ndiye angedaiwa na mirathi.

MLETA MADA
Kwa hiyo ni hesabu ya pesa, umesema mwenyewe. Wosia ameutia saini tarehe 9 Julai 1799. Agosti hiyohiyo anamwandikia Burwell Bassett, mpwa wa Martha, ajaribu kumrudisha Ona, ambaye wakati huo ana mume na mtoto. Seneta John Langdon alimpenyezea habari, akakimbia. Anayemwita Washington mkombozi anieleze barua ya Agosti.