Kebo ipi itaondoa ukungu kwenye picha ya PlayStation 2 katika televisheni bapa?

Mchezaji_Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Ninaomba ushauri wa watu wanaozielewa kebo za picha. Nina PlayStation 2 iliyoletwa kutoka Ubelgiji ikiwa imekwisha kutumika, na vijana wa mtaa huja jioni kuchezea mpira kwa malipo kidogo. Tulipokuwa na televisheni ya zamani yenye mgongo, hakuna aliyelalamika. Sasa nimenunua televisheni bapa ya inchi 32 na picha imekuwa mbaya kuliko ile ya mwanzo: rangi nyekundu ya jezi inavuja nje ya mwili wa mchezaji, majina yaliyo chini ya skrini hayasomeki mpaka mtu asogee karibu, na pembezoni mwa maandishi kuna vinukta vinavyotambaa.

Ninatumia kebo ya njano, nyekundu na nyeupe. Katika soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, nimeonyeshwa kebo yenye vichwa vitano, kidude kidogo kinachochomekwa nyuma ya PlayStation na kutoa HDMI, kisanduku kinachopokea njano, nyekundu na nyeupe kisha kutoa HDMI, na kebo ya HDMI iliyopakwa dhahabu ambayo muuzaji anaapa kwamba ndiyo dawa. Televisheni ina matundu mawili ya HDMI, la njano, na yale ya kijani, bluu na nyekundu. Faranga nilizonazo zinatosha kitu kimoja tu, kwa hiyo ninaomba mniambie kipi na kwa sababu gani.

Fundi_Kampemba

Ndugu, tatizo lako limo ndani ya ule waya wa njano. Waya huo mmoja hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, halafu televisheni ndiyo inayolazimika kuvitenganisha, na kazi hiyo haikamiliki hata kwenye televisheni nzuri. Sehemu ya rangi ikichukuliwa kuwa mwanga, unapata hivyo vinukta vinavyotambaa. Na kwa kuwa rangi katika waya huo imepewa nafasi finyu sana, nyekundu ndiyo huvuja kwanza. Televisheni yako ya mgongo ilipokea picha yenye kasoro zilezile, ila skrini yake ndogo na ulaini wa picha yake vilizificha.

Kwa hiyo kile kisanduku kiache. Kinapokea mchanganyiko uleule wa waya wa njano, kinaukuza, kisha kinautoa kwa HDMI pamoja na uvujaji wake wote. Nambari 1080 iliyochapwa juu ya kisanduku inaeleza kinachotoka, wala haisemi lolote juu ya kilichoingia. Kilichokwisha kupotea njiani hakirudishwi na tundu la kisasa.

Nunua kebo ya vichwa vitano. Vichwa vitatu ni vya picha na viwili ni vya sauti: kijani hubeba mwanga, bluu na nyekundu hubeba habari za rangi, kila moja katika waya wake, na PlayStation 2 yenyewe ndiyo inayozitoa zikiwa zimetengana tangu mwanzo. Ukikosa iliyoandikwa PlayStation 2, ya PlayStation 3 itakufaa, kwa maana tundu la picha la mashine hizo mbili ni lilelile. Uwe mwangalifu na vichwa vyekundu, kwani vipo viwili, kimoja cha picha na kimoja cha sauti. Chukua kebo ambayo kundi la picha limeshikamana peke yake na la sauti peke yake, la sivyo utabadilisha vichwa kila unapohamisha mashine.

Kabla ya kung'oa waya wa njano, washa mashine bila diski, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, utafute sehemu ya matokeo ya picha, na uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Mashine iliyotoka Ulaya inaweza kuwa iliwekwa RGB na mwenyewe wa kwanza kwa ajili ya Péritel, lile tundu pana la pini nyingi la televisheni za Ulaya, na ukiiacha hivyo utapata rangi zisizo zake, ukaidhania kebo ni mbovu.

Mkaazi_Ruashi

Mimi ningesema tofauti na Fundi, kwa heshima zote. Tafuta televisheni nyingine ya mgongo. Michezo mingi ya PlayStation 2 hutuma picha nusunusu, mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, na televisheni ya mgongo huichora hivyohivyo bila kufikiri. Televisheni bapa hulazimika kuziunganisha nusu hizo, na muda inaoutumia ndio unaomfanya kijana abonyeze na mpira uchelewe kuondoka mguuni.

Fundi_Kampemba

Yaya wa Ruashi, hoja yako ya ucheleweshaji ni ya kweli kabisa, ila ndugu yetu amekwisha kununua televisheni na ana pesa ya kitu kimoja. Aingie kwenye menyu ya picha na achague hali ya mchezo, ambayo kwa Kifaransa huandikwa *Jeu*. Hali hiyo huzima sehemu kubwa ya urembaji ambao televisheni huufanya, na ucheleweshaji hupungua. Pia apunguze ule ukali wa picha unaowekwa kiwandani, kwa sababu huchora ukingo mweupe kuzunguka kila herufi.

Dada_BelAir

Kaka Fundi, ninaomba kuuliza juu ya Péritel uliyoitaja. Televisheni yetu ya nyumbani ilitoka Ufaransa na inalo tundu hilo. Je, kebo yoyote ya Péritel inatosha?

Fundi_Kampemba

Hapana, dada, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa. Péritel inaweza kupitisha rangi tatu zikiwa zimetengana, na picha yake ni nzuri sana, lakini kuna vichwa vya Péritel ambavyo ndani yake mna ule waya wa njano tu. Kabla ya kulipa, geuza kichwa na utazame pini zake. Bluu hupita kwenye pini ya 7, kijani kwenye ya 11, na nyekundu kwenye ya 15. Pini hizo zikikosekana, irudishe mezani. Na kwako wewe, mashine iwekwe RGB.

Mchezaji_Katuba

Ninashukuru sana. Kidude kidogo cha nyuma na ile HDMI ya dhahabu mnavionaje? Tena nina diski chache za PlayStation ya kwanza, na vijana wanazipenda.

Fundi_Kampemba

Kidude si kibaya, maana vingi vya aina hiyo huchukua ishara zilezile za vichwa vitano na kuzigeuza HDMI. Kinahitaji umeme wa USB, na hakiondoi zile nusunusu alizozieleza Yaya. Mwenye televisheni isiyo na matundu ya kijani, bluu na nyekundu akichukue, wewe unayo.

Kuhusu dhahabu, PlayStation 2 haina tundu la HDMI, kwa hiyo kebo hiyo peke yake hutapata pa kuichomeka. Hata kwa PlayStation 3, dhahabu huzuia kutu kwenye kichwa tu. Kebo ya HDMI iliyochoka huonyesha chembe zinazometa au picha inayokatika. Haifanyi picha iwe na ukungu. Kulipa zaidi kuna maana kwa mwenye PlayStation 5 anayetaka 4K kwa picha 120 kwa sekunde, ambaye anahitaji kebo ya gigabiti 48 kwa sekunde.

Diski za PlayStation ya kwanza ndizo zitakazokusumbua. Hutoa picha ya mistari michache ambayo televisheni nyingi bapa huikataa kupitia vichwa vitano, na skrini hubaki nyeusi au hutetemeka. Ikitokea hivyo, chomeka tena kebo ya njano kwa ajili ya diski hizo, kwa hiyo usiigawe. Na kwa michezo yote ya zamani, weka upana wa picha 4:3 badala ya 16:9, isipokuwa mchezo wenyewe una chaguo la skrini pana. Bila hivyo wachezaji wako watanenepa hata kwa kebo bora.