Kwa nini samoni wachanga hunusurika baharini mwaka mmoja na kupotea mwaka mwingine?

Mkazi wa Mtoni aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Vancouver, jimbo la Washington, ng'ambo ya mto Columbia kutoka Portland, na huku habari za samoni, samaki wanaozaliwa mtoni, kukulia baharini na kurudi mtoni kutaga, hazikauki vinywani mwa watu. Vituo vya kuzalisha samaki katika bonde la mto huu huachia vifaranga zaidi ya milioni 100 kila mwaka, na idadi hiyo haibadiliki sana. Hata hivyo, hesabu ya samaki wazima wanaorudi hupanda na kushuka kupita kiasi. Katika bwawa la Bonneville, ambako samaki wamehesabiwa tangu mwaka 1938, samoni aina ya Chinook waliopita majira ya machipuko ya mwaka 1995 walikuwa kama 10,000 tu, ilhali mwaka 2001 walikaribia 400,000. Mto ni ule ule na mabwawa ni yale yale.

Wenyeji hunijibu kwamba bahari ilikuwa nzuri au bahari ilikuwa mbaya, kisha mazungumzo huishia hapo. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie: kwa samoni mchanga, bahari nzuri ni ipi hasa? Na inapokuwa mbaya, kinachomuua ni joto, ni njaa, au ni wale wanaomwinda?

Mtafiti wa Pwani alijibu:

Ndugu, vyote vitatu vimo, lakini havina uzito sawa. Joto lenyewe ni nadra kumuua samoni mchanga akiwa baharini. Jambo kubwa zaidi ni asili ya maji yanayofika pwani katika wiki zake za kwanza, pamoja na chakula kinachokuja na maji hayo.

Samoni wachanga wengi wa Columbia hufika mlangoni mwa mto kati ya Aprili na Juni. Kufikia hapo miili yao imekwisha kubadilika: matamvua yaliyokuwa yakifyonza chumvi mtoni sasa yanaitoa, na mbavu zimegeuka rangi ya fedha. Hawana akiba kubwa ya mafuta, hivyo hawana budi kula na kukua upesi. Majira hayo hayo upepo wa pwani nao hugeuka. Wakati wa baridi huvuma zaidi kutoka kusini na kuyasukuma maji ya juu kuelekea nchi kavu. Machipuko yakiingia, huanza kuvuma kutoka kaskazini, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia maji ya juu husogea kulia kwa upepo, yaani kuelekea bahari kuu. Nafasi yake huzibwa na maji baridi yanayopanda kutoka chini yakiwa yamejaa naitreti na virutubisho vingine, na hapo mimea midogo ya baharini hustawi ndani ya siku chache tu. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki watatambua kwamba kusi huifanya kazi ya namna hiyo hiyo katika pwani ya Somalia kati ya Juni na Septemba.

Upepo ukichelewa kugeuka, samoni mchanga huikuta bahari haijaandaa chakula. Hata hivyo wingi wa chakula ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili, ambayo ndiyo inayonivutia mimi zaidi, ni ubora wake. Tangu mwaka 1996 watafiti wa Newport, Oregon, ambao kwa miaka mingi waliongozwa na marehemu Bill Peterson, wamekuwa wakitoka baharini takriban kila baada ya wiki mbili ili kuvuta wavu wenye matundu madogo mno na kuhesabu kopepodi, yaani wadudu wa baharini wa jamii ya kamba wenye urefu wa milimita chache au chini ya hapo. Ukimweka chini ya hadubini kopepodi wa maji ya kaskazini, kwa mfano *Calanus marshallae*, utaona ndani ya mwili wake unaopenyeza nuru kifuko kirefu cha mafuta kinachong'aa, kwa kuwa huyu ni kiumbe aliyezoea kujiwekea akiba ya kumvusha majira ya baridi. Kopepodi wa maji ya kusini ni wadogo zaidi na mafuta yao ni haba.

Samoni mchanga hategemei sana kopepodi moja kwa moja. Yeye hula krili (viumbe wa baharini wanaofanana na kamba wadogo), mabuu ya kaa na samaki wachanga wa aina nyingine, lakini hao ndio wanaowala kopepodi, na mafuta hupanda pamoja nao ngazi kwa ngazi. Mkondo wa bahari unapoleta maji kutoka kaskazini, mlolongo mzima hunenepa. Unapoleta maji kutoka kusini au kutoka bahari kuu, mlolongo mzima hukonda, hata kama tumbo la samoni limejaa. Hapo ndipo joto linapoingia kwa mlango wa pili. Samaki hana uwezo wa kudhibiti joto la mwili wake, kwa hiyo maji yakipata joto mwili wake huunguza chakula kwa kasi zaidi, naye huhitaji kula zaidi wakati ule ule chakula kinapopungua ubora.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2014. Tangu majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014, eneo kubwa la maji yenye joto lisilo la kawaida lilijikusanya katika Ghuba ya Alaska, na mtaalamu wa tabianchi wa jimbo la Washington, Nick Bond, akalipa jina la "the Blob". Kiangazi chote upepo wa kaskazini uliyazuia maji hayo yasifike pwani ya Oregon. Upepo ulipotulia katikati ya Septemba, yaliingia kwa ghafla, na kopepodi wa kusini wakaja nayo. Mwaka 2015 El Niño ikaongezeka juu yake, na samoni wachanga waliovuliwa na watafiti mwaka huo walikuwa wembamba kuliko kawaida.

Kuhusu takwimu zako, Chinook wengi wa machipuko hukaa baharini miaka miwili hivi, kwa hiyo wengi wa wale wa mwaka 2001 waliingia baharini mwaka 1999, bahari ilipokuwa imepoa kwa La Niña. Kwa sababu hiyo, ukitaka kuelewa hesabu ya Bonneville, usiiangalie bahari ya mwaka wa hesabu; rudi nyuma hadi mwaka walipotoka mtoni.

Mvuvi wa Kodiak alijibu:

Ninaongezea juu ya maelezo ya Mtafiti, hasa kuhusu wanaowinda, maana bila wao hatuwezi kueleza ni kwa nini ukuaji wa haraka ni suala la kufa na kupona.

Mwaka 2001 wanasayansi Beamish na Mahnken walitoa hoja ambayo hadi leo inatajwa sana, kwamba samoni wachanga hufa kwa wingi katika vipindi viwili. Kipindi cha kwanza ni wiki za mwanzo, na hapo wanaoua ni ndege na samaki wakubwa. Kipindi cha pili ni majira ya baridi ya kwanza, ambapo wale ambao hawakufikia ukubwa wa kutosha mwishoni mwa kiangazi huishiwa nguvu na kufa. Kwa hiyo samaki anaweza kuponea midomo ya ndege mwezi Mei, kisha akafa mwezi Januari kwa sababu ya chakula alichokosa mwezi Juni.

Ushahidi wa jambo hili umeandikwa ndani ya samaki wenyewe. Kichwani mwa samoni mna vijiwe vidogo vya sikio vinavyojiongezea tabaka moja kila siku. Mtaalamu hukikata kijiwe, hukisugua hadi kiwe chembamba cha kupitisha mwanga, kisha hupima nafasi kati ya tabaka na tabaka: zilipoachana, samaki alikuwa akikua vizuri, zilipobanana, alikuwa na njaa. Kwa kuwa maji ya bahari yana madini ya strontiamu mengi kuliko maji ya mito mingi, tabaka la siku alipoingia baharini nalo huonekana. Ukilinganisha wachanga waliovuliwa mwezi Juni na wazima waliorejea miaka miwili baadaye, unaweza kujua ni wa aina gani walioondolewa njiani, wadogo au wakubwa.

Wawindaji nao hufuata maji. Bahari ikipata joto, samaki wanaoitwa hake husogea kaskazini na kuikaribia pwani, wakala samoni wachanga na wakala pia krili ambao ni chakula cha hao hao wachanga. Dagaa na samaki wengine wadogo wakiwa wengi, ndege hujishibisha kwa hao na samoni wengi hupita salama. Wakiadimika, samoni ndiye anayebaki mezani.

Mwana wa Bonde alijibu:

Nawashukuru kwa maelezo yenu, lakini nina pingamizi ambalo naomba lichukuliwe kwa uzito. Maneno "bahari ilikuwa mbaya" yamekuwa yakiwapa watu nafasi ya kuyasahau mabwawa, mito iliyopashwa joto na mashamba yanayonyonya maji. Tazameni mto Sacramento kule California. Chinook wa vuli waliorudi mwaka 2002 walizidi 700,000. Mwaka 2008 walikuwa takriban 66,000, na uvuvi wa samoni baharini ukafungwa California mwaka huo na mwaka uliofuata. Jopo la wanasayansi lililochunguza lilikiri kwamba chanzo cha karibu kilikuwa bahari: machipuko ya mwaka 2005 upepo ulichelewa, chakula kikakosekana, hata ndege wanaoitwa Cassin's auklet katika visiwa vya Farallon wakatelekeza viota vyao. Lakini jopo hilo hilo lilisema kwamba samaki wale walikuwa wameshadhoofishwa kwa miaka mingi na kazi ya binadamu.

Udhaifu wenyewe ndio huu. Zamani samoni wa mto ule waliingia baharini kwa nyakati tofauti na kwa ukubwa tofauti, wengine mapema, wengine wamechelewa, kulingana na kijito walichozaliwa. Bahari ikiwakosea wa Aprili, huenda ikawafaa wa Juni. Mabwawa yalipofunga vijito vya juu na vituo vya kuzalisha vikashika nafasi yake, walibaki samaki wanaofanana, walioachiliwa kwa wakati unaokaribiana, wengi wao wakiwa wamesafirishwa kwa malori hadi ghubani. Samaki wa namna hiyo huikuta bahari moja, wote kwa pamoja. Kwa hiyo mimi siikatai bahari, ila nasema kwamba ukali wa pigo lake tuliupanga sisi huku juu mtoni.

Mtafiti wa Pwani alijibu:

Mwana wa Bonde, sina ubishi na hilo, na ningeliongezea nguvu kwa mfano wa Columbia. Maji ya mto huo yanapotoka hutandaa juu ya bahari kwa kilomita nyingi, yakiwa na tope jepesi linalowaficha samoni wachanga, na kingo zake hukusanya chakula. Mabwawa yamepunguza sana mafuriko ya machipuko yaliyokuwa yakiyasukuma maji hayo mbali, kwa hiyo hata sehemu ya bahari anayoikuta samoni huamuliwa na mto.

Mkazi wa Mtoni aliandika:

Ahsanteni sana, sasa naanza kuona picha. Nina swali moja la nyongeza. Kama haya yote yanapimwa, je, inawezekana kutabiri mapema ni samoni wangapi watakaorudi, ili wavuvi na makabila ya wenyeji wa asili yenye haki za uvuvi wajipange?

Mtafiti wa Pwani alijibu:

Inawezekana kwa kiasi. Kituo cha sayansi ya uvuvi cha NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, huko Seattle hutoa kila mwaka jedwali linalopaka kila kipimo kijani, njano au nyekundu: hali ya joto ya Pasifiki, tarehe upepo ulipogeuka, wingi wa kopepodi wa kaskazini, idadi ya samoni wachanga walionaswa mwezi Juni, na kadhalika. Kipo pia kipimo cha samaki wenyewe, kwani baadhi ya madume hurudi mwaka mmoja kabla ya wenzao wakiwa wadogo, na wakiwa wengi ni dalili kwamba kundi lao limenusurika vizuri.

Hata hivyo makosa makubwa yametokea. Mwaka 2009 mto Fraser, British Columbia, ulitarajiwa kupata samoni aina ya sockeye zaidi ya milioni 10, wakaja kama milioni 1.5, na serikali ya Kanada ikaunda tume chini ya Jaji Bruce Cohen. Mwaka uliofuata wakarudi karibu milioni 30. Tume haikumpata mkosaji mmoja. Isitoshe, vipimo hubadilika maana kulingana na mahali: baada ya bahari kugeuka mwaka 1976 na 1977, samoni wa Alaska waliongezeka kwa miaka mingi ilhali wa Oregon na Washington walipungua. Kwa hiyo jedwali hilo halifai kutumiwa kwa mto Yukon wa Alaska.

Mama Saidi alijibu:

Kuna jambo moja ambalo halijaguswa. Athari za bahari hazimalizikii kwa samaki aliyekula vibaya, bali huweza kufika kwa watoto wake. Mapema mwaka 2020, katika vituo vya kuzalisha samoni vya Bonde la Kati la California, wafanyakazi waliona vifaranga waliototolewa karibuni wakiogelea kwa kuzunguka zunguka kama parafujo, wengine wakilala ubavu chini ya tangi hadi kufa. Walipowaogesha katika maji yenye vitamini B1, wengi waliinuka na kuogelea sawasawa ndani ya saa chache. Uchunguzi ulielekeza kwenye chakula cha mama zao baharini: miaka hiyo samaki wa jamii ya dagaa waitwao anchovi walikuwa wengi mno, na samoni walikuwa wakila hao karibu peke yao. Anchovi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, hivyo mayai yalitoka yakiwa na upungufu.

Vituo vingi sasa huwachoma sindano ya vitamini hiyo majike kabla ya kutaga, au huyalowesha mayai yenyewe. Wale wanaotaga mtoni bila mkono wa mtu ni vigumu kufikiwa na tiba hiyo, na wao ndio wenye tofauti za nyakati na ukubwa ambazo Mwana wa Bonde amezieleza.