Naombeni ushauri: niwawekee vijana filamu ya Captain Tsubasa, ile katuni ya Kijapani ya mpira, kabla ya fainali?

KochaMdogo: Wakuu, habari za jioni. Nanoa timu ya vijana chini ya miaka 13. Tuko kwenye mashindano ya kimataifa, keshokutwa fainali, na watoto wamenywea kabisa. Nataka niwawekee filamu ya Captain Tsubasa, ile ya 1986 ya Kombe la Dunia la vijana, iwapandishe mzuka. Niiweke usiku wa kuamkia mechi au mapema zaidi?

MfalmeWaKatuni: Anza na ya 1985, Japani na Ulaya, umwone Schneider wa Ujerumani na shuti lake la moto. Za 1985 na 1986 zipo nne, zote fupi. Sisi utotoni tulikuwa tunaiga mapacha wa Tachibana: mmoja analala chali, mwenzake anakanyaga nyayo zake, anarushwa juu kupiga kichwa. Nilimrusha mdogo wangu, akaangukia mkono. Mama hajasahau mpaka leo.

BekiTatu: Timu imefika fainali halafu inywee ghafla tu? Mleta mada, kuna kitu hujasema.

MzeeWaBenchi: Watoto wa siku hizi laini. Sisi tulicheza na homa na tukashinda.

BekiTatu: Mzee, tulia. Kocha, nakusubiri.

KochaMdogo: Sawa. Kapteni alidondoka mazoezini. Yuko poa, anacheka na wenzake. Daktari kasema asiguse mpira mpaka moyo upimwe. Ila jina lake nimeshalipeleka, na ataingia dakika za mwisho tu. Kanu, yule mshambuliaji wa Nigeria, alipasuliwa moyo 1996 na bado akaja kuichezea Arsenal, kwa hiyo msinitishe.

MamaWawili: Kanu alitibiwa kwanza, ndipo akarudi. Mbona Foé, kiungo wa Kameruni, humtaji? Nusu fainali ya Kombe la Mabara 2003, Kameruni na Kolombia, kaanguka katikati ya uwanja pale Lyon bila kuguswa na mtu, akafariki. Miaka 28, mwanaume wa shoka. Wewe una mtoto!

Mchokonozi: Wakuu, mnanyweshwa chai. Kapteni mwenye moyo mbovu anayecheza dakika za kuhesabu? Huyo ni Misugi wa timu ya Musashi, katuni hiyohiyo! Sasa hivi atatuletea na binti, meneja wa timu, anamfuata Tsubasa kwa siri amwombe aachie mechi.

MfalmeWaKatuni: Duh! Yayoi, binti mwenyewe! Kumbe ndiyo maana nilihisi stori naijua. Kocha, hata kutunga umeshindwa?

MamaWawili: Na kama si chai?

KochaMdogo: Sijatunga kitu, na hakuna binti yeyote. Aliyenipigia ni mama yake, kaniomba mtoto asijue kwamba kapiga.

BekiTatu: Kakuomba umpange au usimpange?

KochaMdogo: Nisimpange. Lakini mama mwenyewe mpira haujui.