MREJESHO: Malazi ya bei nafuu Mji Mkongwe, Zanzibar

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza mimi na mke wangu tulale wapi Mji Mkongwe usiku 3 kwa laki mbili. Tumerudi salama, ahsanteni sana.

Tulifuata ushauri wa kulala Malindi. Kutoka bandarini ni kwa miguu tu, na papasi, wale vijana wanaowasaka wageni kuwatafutia malazi, tukawaambia tuna mwenyeji. Chumba kilikuwa 60,000 pamoja na chai ya asubuhi: kitanda cha samadari, feni, chandarua kisicho na hata tundu moja.

Tulipokwama ni kwenye kupatana kwa simu. Tulifika tukaambiwa cha bei hiyo kimejaa, usiku wa kwanza tukalipa 85,000. Jumla 205,000. Anayekwenda atume kianzio mapema na atunze ujumbe wa malipo.

Aliyesema tule urojo sokoni Darajani, na bustani ya Forodhani pale ufukweni twende kupunga upepo tu, Mungu akubariki. Hapo ndipo tulipookoa hela. Tulizitumia Mkunazini, kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi vinavyosemekana walifungiwa watumwa. Dari liko chini, giza, mke wangu alinishika mkono mpaka tukatoka nje.