Tumechanga hisa tupate chakula cha lishe, tunauziwa mchanga na unga uliooza (Mwanza)

Wakuu, nimevumilia mpaka nimeshindwa.

Mimi ni mwanachama wa duka moja la chakula la ushirika hapa Mwanza, jina naliacha. Walipita mtaani kwetu Nyakato kutuhamasisha: hisa moja 20,000, na duka litakuwa la lishe tu. Dona, ulezi, mtama, viazi lishe, dagaa wa chanja. Mama yangu ana sukari na presha, nikaona nimepata msaada. Nikalipa hisa 5.

Jumamosi nimenunua dagaa kilo 2. Kwenye ubao wameandika "wa chanja", na bei ni ya chanja. Nimewaloweka kwenye beseni jeupe. Kumwaga maji, chini umebaki mchanga wa kujaa kiganja, pamoja na vigamba vya konokono. Mtu aliyekulia ziwani hadanganywi hapo. Dagaa wa chanja hukauka juu ya wavu, upepo unampitia chini, hagusi ardhi. Hawa wameanikwa ufukweni, wakanyeshewa, wakaanikwa tena: matumbo yamepasuka na rangi imekuwa ya njano badala ya kung'aa. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mama muuza dagaa anawatofautisha kwa kuwatupia jicho tu. Mnunuzi wetu tunayemlipa mshahara anashindwaje?

Ila unga wa lishe ndio ulionitoa machozi. Nimeununua kwa ajili ya mwanangu wa miezi 10. Kufungua tu mfuko, harufu ya mafuta yaliyochacha. Kuugeuza, stika ya tarehe imebandikwa juu ya stika nyingine. Nimeibandua kwa ukucha: ya chini inaonyesha muda wake uliisha miezi 3 iliyopita. Na ni unga wa mahindi na karanga! Hivyo viwili vikipata unyevu vinaota ukungu unaotoa sumu, ndiyo sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha uji. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Nyie mnabandika stika mpya mtoto anywe?

Nilirudi dukani kulalamika, nikajibiwa, "Dada, kama hujapenda acha, wenzako wananunua." Nani kamwambia mimi ni mteja? Lile duka ni langu na wenzangu. Kanda hii tusifundishwe ushirika. Wazee wetu na akina Paul Bomani waliunda Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, 1955 kwa kuchoka kupunjwa kwenye mizani ya pamba. Leo tunapunjana wenyewe.

Rafu ya mbele iliyokuwa ya ulezi na mtama sasa ni soda na juisi za unga. Eti ndivyo vinavyotoka.

Mkutano mkuu je? Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inautaka kila mwaka. Tangu nijiunge sijaitwa hata mara moja, hesabu sijaziona, na mwenyekiti nikimpigia hapokei.

Jumatatu saa 3 asubuhi naenda kwa afisa ushirika. Nabeba mfuko wa unga na stika zake zote 2, na ule mchanga nimeuweka kwenye kikopo. Mwanachama mwenzangu, kama una mfuko wa unga ule usiutupe na usimpikie mtoto. Bandua stika uangalie chini, piga picha, kisha uje nao.